Jinsi ya Kumsoma Bwana Disii Anapoandika Juu ya Koyama

Anza na jina la kisiwa hiki cha Wabajuni, karibu na Kismayu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Waingereza waliandika Koyama. Waitaliano waliokuja baadaye wakaandika Coiama, Chovai wakaiita Ciovai, Chula ikawa Ciula, na Kismayu ikageuka Chisimaio. Ukitafuta kwa tahajia moja tu utafunga jalada ukidhani kisiwa hakikuwa na mtu mpaka meli ya serikali ilipotia nanga. Watu walikuwapo, na misikiti yao na makaburi yao ya mawe vilishakuwa magofu kabla ofisi ya Bwana Disii, yaani mkuu wa wilaya, huko Kismayu haijanunua wino.

Ukishapata karatasi, usisome aya hata moja kabla hujatazama mwaka. Jubaland, jimbo lenye Kismayu na visiwa vyake, iliingia chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1895, ikakabidhiwa Italia mwaka 1925, na Julai 1926 ikaunganishwa na Somalia ya Waitaliano. Katikati yake kuna Novemba 1900, pale mkuu wa serikali wa Jubaland, A. C. W. Jenner, alipouawa na Wasomali wa Ogaden huko bara, na jeshi likatumwa kulipiza kisasi. Afisa aliyeshika kalamu baada ya hapo alikuwa ameelekeza uso bara: nani ana bunduki, nani amegombana na nani, ngamia wananyweshwa wapi, Wasomali wa Kiherti wa mjini wanaegemea upande gani. Visiwa vilikuwa mgongoni pake. Kwa hiyo ukikuta Koyama imepewa mistari mitatu, na miwili kati ya hiyo inahusu mahali pa kutia nanga, usidhani kwamba Koyama haikuwa na habari. Pima woga wa mwandishi kwanza, kisha ndipo upime kisiwa.

Sasa njoo kwenye nasaba, maana hapa inabidi ukae sana. Maafisa wa pwani walipenda mno orodha za koo. Mtindo huo haukuzaliwa Kismayu. Huko Ghuba ya Uajemi, J. G. Lorimer alikusanya kwa ajili ya serikali ya Uingereza ya India kamusi kubwa ya makabila, miji na masheikh, sehemu ya jiografia ikatoka 1908 na ya historia 1915, na kwa miaka mingi ilikuwa siri ya maafisa peke yao. Kila ukoo umewekwa mahali pake, na kila sheikh na udhaifu wake. Cairo nayo ikawa na ofisi yake ya habari za Waarabu mwaka 1916. Afisa wa Jubaland alikuwa mdogo sana mbele ya wakubwa hao, ila alikula chungu kimoja nao: alitaka kujua watu ni wa kabila gani ili ajue atawatawala kwa njia gani.

Basi unaposoma kwamba ukoo fulani wa Kibajuni umetoka Arabuni, uliza swali lilikuwa la nini. Chini ya serikali ile, kuandikwa Mwarabu au kuandikwa mwenyeji hakukuwa jambo la fahari peke yake. Kuligusa kodi, mahakama, na heshima ya mtu mbele ya askari. Mwaka 1919 ilipitishwa sheria iliyowaruhusu baadhi ya Wasomali kutohesabiwa wenyeji kwa mambo kadhaa, na kila mtu pwani aliona faida yake. Mzee aliyeulizwa ukoo wake mbele ya karani alijua analoulizwa. Angeweza kutaja Arabuni asubuhi, jioni akawasimulia wajukuu habari za Shungwaya, nchi ya asili katika masimulizi ya pwani, na asiwe amesema uongo mara zote mbili. Mimi nayaheshimu majibu yake yote mawili. Ninachokataa ni karatasi inayoshika moja na kuliita asili.

Kisha uliza nani alisema. Liwali? Mkalimani? Tajiri wa Kismayu anayewadai wavuvi? Jina la msemaji lisipokuwapo, weka alama ya penseli pembeni, na kila sentensi inayotokana naye isome polepole.

Haki nayo itendeke. J. A. G. Elliott alivitembelea visiwa hivi na kuchapisha aliyoyakusanya katika jarida la Kiingereza mwaka 1925 na 1926, wakati serikali yake inaliacha jimbo lenyewe. Mwitaliano Vinigi Grottanelli akatoa mwaka 1955 kitabu kizima juu ya wavuvi hawa. Soma kazi za namna hiyo ukitafuta mkono wa mvuvi: kasa anayenaswa kwa chazo, samaki anayefungwa kamba mkiani akaachwa aende kumganda kasa mgongoni, majahazi yanayongoja kusi ilegee. Ukurasa mmoja wa hayo una thamani kubwa zaidi kwangu kuliko majedwali kumi ya koo.

Usidhani haya ni mambo ya makumbusho. Vita vya Somalia vya 1991 viliwatawanya Wabajuni wa Koyama na Chula hadi Mombasa, na wengine hadi Ulaya. Huko walikutana tena na mtu mwenye faili. Taja visiwa kwa mpangilio. Taja vijiji vya kwenu. Sema Kibajuni tusikie. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji Uingereza lilitoa uamuzi wa kuongoza kesi nyingine, na hoja yake kubwa ilikuwa uwezo wa mwombaji kusema Kibajuni. Kijana aliyekulia Mombasa kwa Kiswahili cha mjini anapimwa kwa ujuzi wa kisiwa ambacho wazazi wake walikikimbia usiku. Inaniuma, na ndiyo sababu nasema usomaji huu ufundishwe mapema, na ufundishwe kwa vijana wa Kibajuni kwanza.

Lililobaki ni kazi ya miguu. Nenda kwa wazee waliopo Mombasa, Lamu na Kismayu. Uliza majina ya visima, ya miamba, ya mikondo ya maji kati ya Koyama na Chovai, na nani alizikwa wapi. Andika nani amesema, siku gani, na mbele ya nani. Kisha msomee mzee uliyoyaandika, neno kwa neno, akusahihishe kabla hujavaa viatu.