Jinsi ya Kumficha Mkulima Bei ya Kahawa kwa Kutumia Tovuti

Kwanza kabisa, usiende Mbinga. Ukienda utaharibu kazi. Utapita kwenye ofisi ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huko milimani, ukute ubao umeegemezwa ukutani, umeandikwa kwa chaki: tarehe, aina ya kahawa, bei ya kilo. Mistari mitatu. Mkulima anatua kiroba, anatupa jicho, ameshajua. Utarudi mjini na mashaka, na mtengeneza tovuti mwenye mashaka hapewi kazi ya pili.

Ukilazimika kwenda, jifunze lugha kabla. Mbinga ukitaja CPU, mawazo ya watu hayaendi kwenye kompyuta. CPU ni mtambo wa kumenya kahawa mbivu, na unakunywa maji si kidogo. Mimi sikulijua hilo. Nilisimama mbele ya kikao nikaeleza kwa dakika kumi kwamba CPU za simu zao ni ndogo, hivyo tovuti yetu itakuwa nyepesi. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa upole: “Sasa mwanangu, hayo maji mtayatoa wapi?”

Haya, tuanze na ukurasa wa mbele. Mtaalamu Jakob Nielsen alifuatilia macho ya wasomaji wa tovuti, na mwaka 2006 akaeleza kwamba hutembea kwa umbo la herufi F: mstari wa juu, mstari mfupi chini yake, kisha kushuka upande wa kushoto. Utafiti mzuri sana. Pale juu penye macho yote, weka picha ya bosi. Chini yake weka Neno la Ukaribisho, aya sita, zinazoanza na kumshukuru Mungu na kuishia na kaulimbiu. Picha ziwe zinapishana zenyewe, na ziwe nzito. Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa na picha saba. Sita zilikuwa za mtu yuleyule akikata utepe, kwa mikasi tofauti. Mwenye bando la mia tano aliona utepe, bando likaisha.

Bei ya kahawa usiifute, watu watalalamika. Ichapishe kwenye barua, ipigwe muhuri, iskaniwe ikiwa imelala ubavu, kisha faili liitwe “skani 0047 mpya ya mwisho”. Lihifadhi chini ya Machapisho, ndani ya Nyaraka, ndani ya Taarifa Mbalimbali. Menyu ifuate mpangilio wa idara zenu. Mkulima anayetaka bei aamue mwenyewe kama ni mtu wa Kilimo, wa Ushirika au wa Biashara. Hilo ndilo swali alilotoka nalo nyumbani, sivyo?

Wala usihuishe chochote. Nyasa ilitoka Mbinga ikawa wilaya mwaka 2012; tovuti niliyowahi kurithi ilikuwa bado inaihesabu Mbamba Bay ya Nyasa ndani ya Mbinga, miaka mingi baadaye, kama mzazi anayemwekea sahani mtoto aliyekwisha kuoa.

Jihadhari na mshindani mmoja: *150*00#, menyu ya M-Pesa. Haina picha, haina ukaribisho, inafanya kazi kwenye kitochi. Tangu 2008 mama anayeuza mbasa ufukweni anatuma pesa kwa kidole gumba chenye magamba, huku akibishana na mteja. Hajahudhuria semina hata moja.

Na ukipita huko Mbinga kwenye miteremko ya Wamatengo, geuza uso usiyaone mashamba ya ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, wanawake huzifukia kwa udongo, katikati yanabaki mashimo yanayokamata maji ya mvua ili mlima usiteremke na mbegu. Ni zaidi ya karne sasa. Kosa la mpangilio huonekana mvua ya kwanza tu, wala hakuna wa kumlaumu mtumiaji.

Kwa ratiba ya meli andika: “Safari itakuwa kama ilivyopangwa.” Usiweke tarehe. Mfano wa kuigwa uko palepale Ziwa Nyasa, Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lake. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ikaja Gwendolen ya Waingereza, chini ya Kapteni Rhoades, ikaipiga mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, aliyekuwa akinywa na Rhoades siku za amani, akaingia kwenye kiboti, akapiga makasia hadi kwa rafiki yake kumuuliza kama amelewa.

Vita ilikuwa imetangazwa zaidi ya wiki nzima. Taarifa ilikuwapo, yeye tu ndiye haikumfikia. Alipopanda melini akaelezwa yote kwa ukamilifu, kisha akachukuliwa mateka.