Gunia Lililoegemea Ukuta wa Bafu

Gunia lilitoka Kondoa mwezi Juni, limepakiwa juu ya lori la vitunguu, zawadi ya mama mkwe kwa mjukuu wake. Sisi tunaishi Dodoma mjini, vyumba viwili na stoo nyembamba iliyopakana na bafu. Tukalisimamisha humo, chini kwenye saruji, limeegemea ukuta. Kwa wiki saba tulichota juu. Tulikula dona, na mahindi mengine nikayasagisha pamoja na karanga na mtama, ukapatikana unga wa lishe wa mwanangu wa miezi tisa.

Siku tuliyofika katikati ya gunia, mkono wangu ulikuta joto. Mahindi makavu hayatoi joto. Nikayamwaga yote kwenye turubai uani. Upande uliogusa ukuta punje zilikuwa zimeshikana madonge, zimeota ukungu wa kijani wenye umanjano.

Mama mkwe alikuwa kwetu wiki ile. Aliinama, akashika donge, akalivunja.

"Mwanangu, chakula hakitupwi. Yaoshe, uyaanike, ukayakoboe."

Hakuwa mkaidi. Amelea watoto sita miaka ya njaa, na gunia lile alililima kwa jembe la mkono. Kumwambia litupwe ilikuwa kama kumrudishia jasho lake usoni. Jirani akapita, akasema yupo mpika pombe atayachukua. Mume wangu akasema basi wapewe kuku. Kila aliyesimama uani alikuwa na njia ya kuyaokoa, na kila njia iliishia tumboni mwa mtu.

Maana kuku naye tunamla. Sumu ya ukungu wa aina ile, ambayo kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu, ilijulikana duniani kwa sababu ya ndege wa kufugwa: mwaka 1960 huko Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga. Ng'ombe akila pumba zenye sumukuvu, sumu hupita hadi kwenye maziwa. Moto wa jikoni hauiondoi, maji hayaiondoi. Kuchambua na kukoboa hupunguza, lakini sehemu kubwa ya sumu iliyotoka imo kwenye pumba, na anayekula dona anakula vyote.

Maelezo hayo hayakumgusa mama. Kilichomnyamazisha ni mwaka 2016. Nilipoutaja tu, aliliweka donge chini. Mwaka ule ugonjwa uliingia Dodoma na Manyara: Chemba, Kiteto, Kondoa kwao. Watu macho yaligeuka manjano, matumbo yakajaa. Waliugua 68, wakafa 20, na chanzo kikaonekana kuwa mahindi ya ndani ya nyumba zao. Mama alikwenda matanga ya jamaa mmoja. "Tulikula ugali pale pale msibani," alisema, kisha akaenda kunawa mikono, akanawa tena.

Tulichimba shimo nyuma ya nyumba, tukafukia gunia zima, hata punje zilizoonekana safi. Ukungu unaonekana, sumu haionekani. Haina harufu wala ladha. Ndiyo maana kilichoniumiza zaidi hakikuwa gunia. Kilikuwa kopo la unga wa lishe lililobaki robo kabatini. Mtoto aliulamba uji ule kwa furaha asubuhi na jioni, na hakuna jicho la mama linaloweza kusoma kilichokuwamo. Sumukuvu kidogo kidogo haimwangushi mtu siku hiyo. Huliumiza ini taratibu kwa miaka mingi, na saratani ya ini ni mojawapo ya matokeo yake. Nilifukia na kopo.

Jioni mama alikiri kwamba mahindi yalianikwa siku tatu tu, kwa kuwa lori lilikuwa linaondoka. Afisa ugani wa kijijini kwao amemwonyesha kipimo kisicho na gharama: chupa kavu ya kioo, mahindi, chumvi kavu kidogo, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Sasa gunia halipandi lori bila chupa kutikiswa. Kwangu stoo ina chaga za mbao, na kati ya gunia na ukuta mtu mzima anapita na ufagio.

Ewe msomaji mwenye gunia ndani: nenda ukatie mkono hadi chini, upande wa ukutani, kabla hujampikia mtoto uji wa kesho.