Redio ya Mama na Pini Iliyoingia

Mama mkwe wangu alipohamia kwetu Ngamiani, Tanga, akitokea Pangani, alikuja na mizigo mitatu: sanduku la nguo, mkeka wa ukindu na redio. Sanduku na mkeka alikubali kubebewa. Redio aliipakata mwenyewe njia nzima, imefungwa ndani ya kanga, kwa kuwa marehemu mumewe ndiye aliyemletea kutoka Muscat mwaka 1984. Ngozi ya mpini imebanduka na kioo cha masafa kina ufa, lakini sauti yake ni nzito na safi, ya kujaza baraza.

Saa mbili kasoro dakika tano usiku Mama huwa keshaketi. Taarifa ya habari ikianza, nyumba nzima hunyamaza. Ni desturi aliyoishika tangu zama za Radio Tanzania Dar es Salaam, na sisi tumeizoea kama tulivyozoea adhana.

Jioni ya mkasa, panya alikuwa ameutafuna waya wa adapta ya redio mpaka shaba ikawa wazi. Betri zilikuwa zimekwisha nguvu, na duka la jirani lilikuwa limefungwa kwa msiba. Saa ilikuwa inakimbia. Nikafungua droo ya kabati la sebuleni, pale zinapolala adapta zote za nyumba hii: ya ruta, ya king'amuzi cha zamani, ya kompyuta ya mume wangu, na nyingine mbili zisizojulikana zilikotoka. Nikazijaribu moja moja. Ya kwanza pini yake nene mno. Ya pili iliingia ikawa inachezacheza. Ya tatu, ile ya king'amuzi, ilizama ikatulia kabisa, nami nikashusha pumzi. Niliamini kilichoingia ndicho chake.

Nikawasha swichi ya ukutani. Redio ilikoroma mara moja, kisha ikatoa harufu kali kama ya nywele zilizoungua, na uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka kwenye matundu ya nyuma.

"Zima, mwanangu," Mama alisema. Hakupaza sauti. Nilipochomoa, akaivuta redio karibu, akaifunika kanga ileile iliyokuja nayo, akaingia chumbani. Usiku ule hatukusikia habari. Mume wangu alijitahidi kunifariji, lakini mimi sikupata usingizi. Kifaa kingine kingeungua ningenunua kingine. Hiki kilikuwa na mkono wa marehemu juu yake.

Asubuhi tulikwenda kwa fundi wa redio, mimi, Mama na binti yangu wa kidato cha pili. Fundi alifungua skrubu sita, akatuinamishia ubao wa ndani. Kapasita moja ilikuwa imevimba kichwa, maji yake ya kahawia yametapakaa. Kando yake kulikuwa na dayodi nyeusi iliyopasuka katikati.

"Mlitumia adapta gani?"

Nikampa. Akaigeuza, akamwita binti yangu asome maandishi madogo ya mgongoni. Akasoma: INPUT 100-240V, OUTPUT 12V, 1.5A.

"Hiyo ya kwanza ni ya ukutani," fundi akasema. "Kwetu ukutani ni volti 230, kwa hiyo hapo hakuna ubaya. Tazama inachotoa. Sasa fungua mlango wa betri wa redio ya bibi, uhesabu."

Nafasi zilikuwa nne, za betri kubwa. Kila betri volti moja na nusu.

"Sita," binti yangu akasema, na mimi nikaona kosa langu kabla fundi hajalitamka. Redio ya volti sita nimeisukumia kumi na mbili.

Hilo lilikuwa nusu ya msiba tu. Fundi alituonyesha alama karibu na tundu la umeme la redio: kidoa cheusi kimezungukwa na mstari kama herufi C, upande mmoja alama ya kujumlisha, upande wa pili ya kutoa. Kidoa ni tundu la ndani ya pini, C ni ganda lake la nje. Kwenye redio ya Mama kidoa kimeungwa na alama ya kutoa, yaani ndani ni hasi. Kwenye adapta yangu ndani ni chanya. Umeme uliingia kinyume. Dayodi iliwekwa pale kuuzuia umeme wa namna hiyo, ikaungua ikizuia, kisha kapasita ikafuata.

"Na hizi ampea?" nikauliza. Redio ilikuwa imeandikwa miliampea 300, na nilihofu adapta ya ampea moja na nusu ingeizidi.

"Volti ni msukumo, lazima zilingane. Ampea ni kama maji ya pipa, redio huchota inachohitaji. Pipa likiwa kubwa si neno. Likiwa dogo ndipo adapta inapopata moto."

Alibadilisha dayodi na kapasita, kisha akatupeleka mwenyewe duka la pili, na mita yake mkononi. Muuzaji alitupa adapta nzito ya sanduku, imeandikwa 6V. Fundi akaichomeka, akagusa pini kwa ncha za mita: 9.4. Za namna hiyo, alisema, hushuka zikishabeba mzigo, lakini redio ikiwa na sauti ya chini hazishuki vya kutosha. Akaomba nyingine, nyepesi, 6V 1A. Mita ikasoma 6.1. Hiyo ndiyo tuliyoichukua. Ndani yake ilikuwa chanya, kwa hiyo fundi akaikata waya, akapishanisha nyaya mbili, akalehemu, akafunga utepe, akapima tena mpaka mita ikaonyesha alama ya kutoa.

Adapta ile sasa ilikuwa inasema jambo moja mgongoni na kufanya jingine kwenye pini. Mtu mwingine angeweza kuichukua kwa kingine, akaunguza. Mama ndiye aliyelitatua. Tuliporudi aliitoa kanga yake, ikiwa imechakaa pindo, akachana vipande viwili. Kimoja akakifunga kwenye mpini wa redio, kingine kwenye shingo ya adapta. Kisha akaomba kalamu na kipande cha karatasi. Mama alijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima miaka ya 1970, na mwandiko wake huenda taratibu, herufi moja moja, kubwa. Aliandika: SITA. NDANI HASI. Tukaigandisha kwa utepe.

Adapta nyingine zote za droo nazo zimepata majina, kwa mkono wa binti yangu.

Sasa, saa mbili kasoro dakika tano, Mama huanza kwa kupapasa kitambaa cha redio, kisha cha adapta. Vidole vikikuta pindo lilelile, ndipo anapochomeka. Nasi tunanyamaza.