Kikao Kinaendelea

Mabingwa wetu wa programu bado wamejifungia: watumie lugha ya Java au Kotlin? Java ilitoka 1995. Kotlin ilitangazwa na JetBrains 2011, na tangu 2019 Google inaipa kipaumbele kwenye Android. Zote mbili hugeuzwa kuwa baitikodi ya aina moja, na faili zake hukaa katika mradi mmoja bila ugomvi. Wanaogombana ni wenye mradi. Mmoja anadai nukta mkato zinamchosha vidole (maskini!), mwenzake haiamini sentensi isiyo nayo. Chai imeagizwa tena, maandazi yamekwisha. Mteja aliomba kitufe cha kulipia tu. Jamani, mwandikieni kwa yoyote ile, maana ameshaanza kuulizia fundi mwingine.