Misingi ya Elimuhofusaa: Uainishaji wa Vitisho Vilivyoandikwa kwa Saa Tatu

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi, kabla hujafungua daftari hakikisha umeshiba, umelala vya kutosha, na hudaiwi kazi ya somo jingine. Taaluma unayoingia leo haina nafasi kwa watu wa kubahatisha. Ziko elimu zinazochunguza nyota, ziko zinazochunguza bahari, na iko hii yetu, inayochunguza michezo mifupi ya kutisha iliyotungwa na mtu mwenye saa ukutani na tumbo joto. Nyota zitasubiri.

Fasili. Pigia mstari. Elimuhofusaa ni tawi la maarifa linaloshughulikia uhusiano baina ya hofu (h) anayoipata mchezaji na muda (m) aliokuwa nao mwandishi, ambapo h hupanda kadiri m inavyopungua, hadi kufikia kiwango ambacho m ni kidogo mno na mchezo haufunguki kabisa. Kiwango hicho tunakiita Ukimyamkuu. Mchezo uliofikia Ukimyamkuu haumtishi mtu yeyote isipokuwa aliyeuandika.

Kiini cha uchunguzi wetu ni hadithi shirikishi, yaani mchezo wa kompyuta unaochezwa kwa maneno. Mchezo unakueleza mahali ulipo, kisha unaweka alama ndogo ya mshale na kunyamaza. Wewe unaandika amri: kagua mlango, chukua taa, nenda kaskazini. Mshale ule ni “paukwa” isiyotamkwa. Usipoitikia, hadithi haisogei hata ukikaa mpaka alfajiri. Wako wanaodai kuwa huo ni utaratibu wa kawaida wa kompyuta kusubiri mtumiaji. Watu hao hawajapata kukaa peke yao usiku wakisubiriwa.

1.1 Zama

Mwaka 1998 lilizuka zoezi liitwalo SpeedIF, ambamo waandishi walijipa saa 2 kutunga mchezo mzima. Hizo ni Zama za Papara. Zilikuwa na haraka, lakini hofu ilikuwa bado haijapewa kiti chake. Ilibidi tusubiri mwaka 2007, J. J. Guest alipoanzisha EctoComp, shindano la kila mwaka la msimu wa Halloween, lenye sharti moja tukufu: mchezo uandikwe kwa muda usiozidi saa 3. Mwanafunzi makini atagundua kuwa mwaka mmoja tu nyuma, 2006, Graham Nelson alikuwa ametoa Inform 7, lugha ya programu inayosomeka kama sentensi za kawaida za Kiingereza. Mimi sisemi kuwa mambo haya mawili yalipangwa mbinguni. Nimeyaweka sentensi jirani, basi.

Baadaye shindano liligawanyika mikondo miwili. Mkondo wa haraka ukaitwa La Petite Mort, na ule wa waandishi wasio na haraka ukaitwa Le Grand Guignol, kwa heshima ya ukumbi wa maonyesho wa Paris uliofunguliwa mwaka 1897 na kufungwa 1962, ambao watu waliuendea ili kuona damu ikimwagwa jukwaani kwa ustadi. Michezo ya Kihispania nayo ilipewa nafasi. Mkondo wa Grand Guignol hatutaushughulikia katika kozi hii. Mtu mwenye muda wa kutosha anaweza kutisha kwa kipaji, na kipaji hakimo katika mtaala wetu.

Hapa sasa ndipo wanafunzi wengi hufeli. Muda wa La Petite Mort uliongezwa ukawa saa 4. Kwa mlei, saa moja zaidi ni saa moja zaidi. Kwa mwanaelimuhofusaa, huo ni mpasuko wa zama: Zama za Dakika 180 na Zama za Dakika 240. Nimezichambua dakika 60 za nyongeza moja baada ya nyingine, na msimamo wangu ni kwamba ndizo zilizompatia mzuka wa kisasa miguu. Mzuka wa Dakika 180 huelea. Haelei kwa sababu ya asili yake ya kiroho. Anaelea kwa sababu mwandishi hakupata nafasi ya kuandika sakafu.

Je, muda anaupima nani? Mwandishi mwenyewe. Hakuna askari anayesimama nyuma ya kiti chake. Hali hii imezaa tatizo gumu kuliko yote katika uwanja wetu, nalo ni Tatizo la Chai. Chai inayonywewa mkono mmoja ukiwa kwenye kibodi ni Chai ya Ndani, na inahesabiwa. Chai inayonywewa jikoni, mwandishi akiwa amesimama na kufikiria namna ya kumuua mlinzi wa makaburi, ni Chai ya Nje kimwili lakini ni ya Ndani kimawazo. Juu ya chai hii ya pili nina kitabu kizima kabatini kinachosubiri mchapishaji mwenye moyo.

2.0 Uainishaji

2.1 Mzuka wa Kasoro

Chukulia mchezo ufuatao. Uko katika chumba cha kulala cha marehemu shangazi. Maelezo yanataja kitanda, kabati, na kioo kirefu kilichofunikwa shuka. Unaandika: kagua kioo. Mchezo unajibu kwamba hauoni kitu cha namna hiyo hapa.

Tua. Usikimbilie amri nyingine kama wafanyavyo walei. Kioo kilikuwapo mistari miwili iliyopita, na sasa hakipo wala hakijapata kuwapo. Shuka imefunika nini? Wanafalsafa wamesumbuka na suala la kutokuwapo kwa karne nyingi, bila hata mmoja wao kupata wazo la kuandika kagua kabati.

Sisi tunatambua vijiaina vitatu. Utokuwapo-hila ni pale mwandishi alipokificha kioo makusudi ili damu ikusisimke. Utokuwapo-saa ni pale alipokitaja kioo katika dakika ya 12, akakusudia kurudi kukiumba katika programu, kisha akaitazama saa na kukuta ni dakika ya 176. Utokuwapo-tahajia ni pale ambapo kioo kimo kabisa, kina maelezo mazuri na uso wa shangazi ndani yake, ila kwenye msimbo jina lake limeandikwa kwa kuruka herufi moja. Kwa hiyo shangazi atabaki humo milele akimsubiri mchezaji asiyejua kuandika vibaya kwa namna ileile.

Kuvitofautisha tunatumia Kipimo cha Kabati. Kagua kabati. Likiwa nalo halipo, na kitanda hakipo kadhalika, huo ni Utokuwapo-saa, na unachotakiwa kumpa mwandishi ni pole. Lakini kabati likielezwa kwa mapana, na kitanda kikawa na foronya, na foronya ikawa na unywele mmoja wa mvi, halafu kioo peke yake kikakanwa, mwanafunzi, usikague chochote tena. Washa taa ya chumbani kwako. Hiyo ni hila.

Kuna pia daraja la nusu, ambalo wenzangu wamelikwepa kwa woga: Utokuwapo-hila-baadaye. Hapa kioo kilikosekana kwa ajili ya saa, mchezaji mmoja akasifia uoga alioupata, na mwandishi akajibu kwamba alikusudia. Je, kasoro inaweza kutubu na kuwa sanaa baada ya mchezo kuwasilishwa? Nimejibu ndiyo katika mihadhara ya asubuhi na hapana katika ile ya jioni, na majibu yote mawili yatatahiniwa.

2.2 Giza la Bure

Katika Inform 7, mwandishi akitangaza kuwa sebule ina giza, kazi imekwisha. Programu yenyewe inavificha vitu vyote na kumwarifu mchezaji kuwa haoni kitu. Ona uchumi wake: sofa lisiloonekana halihitaji kuelezwa, zulia halihitaji rangi, na maiti iliyo juu ya zulia haihitaji jina. Sentensi moja fupi inaokoa kama dakika 40. Hofu nyingine zote hununuliwa kwa jasho. Hii inakuja na mashine.

Asili ya giza lenye meno ni Zork, mchezo ulioanza kuandikwa na vijana wa MIT mwaka 1977. Mwanzoni, mtu aliyetembea gizani alitumbukia katika shimo lisilo na mwisho. Ila shimo hilo lilimmeza hata akiwa darini ndani ya nyumba, na shimo lisilo na mwisho darini lingepaswa kuonekana na walio sebuleni. Ndipo Dave Lebling akaleta grue, zimwi linalokaa gizani na kula wapita njia. Huyuhuyu Lebling ndiye aliyeandika mchezo wa kutisha The Lurking Horror mwaka 1987, kwa hiyo hatuwezi kumwita mtu wa kupapasa. Darasani tunalihesabu grue kuwa jibu la kwanza la kitaaluma kwa tatizo la ujenzi wa nyumba.

2.3 Mauti

Kuandika chumba kipya kunadai maelezo, milango na vitu. Kumuua mchezaji kunadai mstari mmoja. Ukielewa hesabu hiyo umeelewa kwa nini katika michezo hii watu hufa kwa kufungua droo, kwa kutofungua droo, na kwa kuitazama droo kwa dharau. Tunatenga Mauti Funge, ambayo hufunga hadithi kwa haki, na Mauti ya Dakika ya Mwisho, ambayo hukuangukia katikati ya sentensi kwa sababu muda wa mwandishi ndio ulioisha, si wa mhusika.

Jambo la kuzingatia ni kwamba baada ya kifo, mchezo wa Inform hukupa nafasi ya kuandika UNDO na kurudi hatua moja. Marehemu anasimama, anajipangusa, na kukumbuka kila kitu. Hatujakubaliana iwapo mtu huyo anapaswa kuhesabiwa miongoni mwa wachezaji au miongoni mwa mizuka.

2.4 Kiungo Pweke

Twine, chombo kilichotolewa na Chris Klimas mwaka 2009, hakisubiri amri. Kinakupa maneno ya kubofya. Kitisho chake ni ukurasa wenye kiungo kimoja tu, na kiungo hicho kimeandikwa ngazi za kuteremka. Aina hii inaeleweka hata na watoto, kwa hiyo tunaipita.

2.5 Utobozi

Utobozi ni tendo la kutazama kitu, ndani ya kitu hicho ukaona kitu kingine, ukakitazama nacho, ukaendelea hivyo hadi ukawa mbali sana na nyumbani bila kuinua mguu. Kielelezo chetu ni Lime Ergot ya Caleb Wilson, iliyoshiriki EctoComp mwaka 2014, ambayo ushujaa wake karibu wote ni wa macho, katika kisiwa cha joto kinachooza taratibu. Mwandishi hakuhitaji ramani kubwa wala kundi la mazimwi. Alihitaji kitenzi kimoja na ukaidi wa kukifuata kitenzi hicho hadi chini kabisa. Naungama kwamba hapa elimu yangu inapata shida, kwa sababu mchezo ni mzuri, na uzuri unavuruga majedwali. Kwa muda nimeuweka chini ya kichwa cha “Mengineyo”.

3.0 Mazoezi

Jibu yote. Usitumie kalamu nyekundu. Wahusika wa swali la kwanza wanaiogopa.

(i) Mchezaji anaandika kagua kioo. Mchezo unajibu kuwa hakuna kioo. Mchezaji anageuka na kukuta kioo cha chumbani kwake nacho hakipo. Je, huu ni Utokuwapo-saa wa nani? (Alama 60)

(ii) Mwandishi mmoja amewasilisha mchezo wenye chumba kimoja, giza totoro, na mauti tisa. Saa yake inaonyesha alitumia dakika 194 katika Zama za Dakika 180, naye anajitetea kwamba dakika 14 zilikuwa za chai. Mtetee au mhukumu. Jibu lisilotaja aina ya chai halitasahihishwa. (Alama 40)