Bonn Hawauzi Bando la Jero

Ndugu zangu wa Kitahana,

Mimi ni mzima, kozi inakwenda, na baridi imeniachia masikio yote mawili mpaka sasa.

Mama ameuliza kwa nini nikipiga video naganda nikiwa nimeachama, halafu napotea. Baba naye kasema: mtu yuko Bonn, huko huko inakotangazia Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Ujerumani aliyoanza kuisikiliza tangu ujana wake, inakuwaje akose mtandao? Tena Baba hajui nusu ya aibu yenyewe. Mji huu ndio makao makuu ya Bundesnetzagentur, yaani TCRA ya Wajerumani. Wasimamizi wa simu na intaneti wa nchi nzima ni majirani zangu, na mimi nahangaikia GB.

Si kwamba intaneti haipo. Chumbani kwangu tundu lake liko ukutani, linanitazama. Shida ni inavyouzwa. Hapo senta mtu akiwa na jero anajiunga, akiwa na buku anajiunga zaidi, akiwa hana kitu anakopa salio na wanamkata akiongeza vocha. Hata mawese mnapimiwa kikombe. Huku intaneti ya nyumbani inauzwa kwa mkataba, na mkataba uliozoeleka ni wa miezi 24. Kozi yangu ni ya miezi sita.

Nikaenda duka moja la simu, jina nalihifadhi. Kijana akanipokea vizuri, akabonyeza kompyuta, akanigeuzia kioo: 24. Nikamwambia nataka sita. Akasema sheria inawalazimisha wawe na wa 12 pia, akabonyeza tena, na bei ya mwezi ikapanda hapo hapo mbele ya macho yangu. Nikauliza, nikiondoka kabla mwaka haujaisha? Unaendelea kulipa. Nikiwa nimesharudi Kitahana? Akaniomba nimtajie herufi za Kitahana, akaziandika, akafikiri. Unaendelea kulipa.

Wenyeji wananiambia nishukuru. Zamani mtu akichelewa kuandika barua ya kuvunja mkataba, mkataba ulijirefusha wenyewe, hata mwaka mzima. Tangu Desemba 2021 sheria imelegea: muda wa kwanza ukiisha, unatoa notisi ya mwezi mmoja tu, basi. Sawa, lakini huo muda wa kwanza ndio unaozidi viza yangu.

Halafu kuna Schufa, wanaoulizwa kabla hujapewa mkataba. Hawa kazi yao ni kutunza habari za nani anakopa na nani analipa, na wameanza mwaka 1927. Kwetu ukitaka kuaminika unakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji anakuandikia barua ya utambulisho. Anamjua baba yako, anajua na mbuzi wenu waliingia shamba la nani. Mimi Ujerumani sijawahi kukopa hata senti, nikalitaja hilo kwa majivuno. Wapi! Asiyewahi kukopa hana habari zake, na asiye na habari ndiye anayetiliwa shaka. Hapo mjomba, kwa madeni yake pale senta, angepokewa kwa chai.

Rafiki yangu Mkenya yeye alisaini. Akaambiwa fundi atakuja kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana. Akakaa, hakuthubutu hata kuoga. Fundi hakutokea. Nilipoanza kumpa pole akacheka: huku sheria inasema fundi asipotokea siku ya ahadi, mteja anadai fidia ya euro 10, au asilimia 20 ya malipo ya mwezi, yoyote iliyo kubwa. Nilikaa kitako nikamfikiria fundi cherehani wetu, aliyeleta sare za kwaya za Pasaka siku ya Pentekoste. Kwaya nzima, sauti zote nne, angewalipa na nini?

Kuna vidude vya kuchomeka kwenye soketi, vinatumia laini ya simu na unaweza kuviacha kwa notisi ya mwezi, ila kidude chenyewe unakinunua, na bei yake imenifanya nikae nacho mbali. Nikashika laini ya kulipia kabla, inayouzwa mpaka madukani kwenye mikate, ya wiki nne nne. Kusajili, tangu 2017 lazima kitambulisho. Ninyi mnaweka kidole kwa kijana mwenye mwavuli pale stendi ya Kibondo, mmemaliza. Mimi nilitakiwa nionyeshe pasipoti kwa video. Na video inataka intaneti, ambayo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Nikakimbilia maktaba ya mji, ambako mtandao ni bure na kunena ni mwiko. Dada wa kwenye simu akasema inua pasipoti, iinamishe, alama ing'ae, sasa taja jina lako. Nikanong'ona. Akasema sauti zaidi. Nikaongeza. Mzee wa meza ya pili akakunja gazeti lake taratibu, akahama.

Laini ikakubali, ila GB zake hazitoshi video. Aliyeniokoa ni mama wa ghorofa ya chini. Wajerumani ni wazito kugawa mtandao, na wana sababu: mpaka sheria ilipobadilishwa 2017, mgeni akipakua filamu za wizi kwa laini yako, barua ya madai ilikuja kwako. Sheria imebadilika, woga bado. Lakini mama huyu alinipokelea mzigo siku sipo, nikamshukuru kwa chupa ya asali yetu. Kesho yake akagonga mlango ameshika karatasi yenye tarakimu ishirini, kwa mwandiko wa mwalimu mstaafu. Amenifungulia njia ya wageni, na masharti yake matatu: nisipakue filamu, nisimpe mtu, na akienda kulala anazima.

Mawimbi yake yanapenya sakafu sehemu moja tu, bafuni kwangu. Shangazi aliyesifia vigae vyangu, ahsante, ndiyo hivyo. Nikijisogeza kidogo kutoka kwenye beseni naganda, nikirudi nafufuka.

Kwa hiyo msipige baada ya saa tano usiku zenu, yeye huwa ameshazima. Na yule ndugu wa Kasulu anayekuja huku mwisho wa mwezi, mpeni asali. Ulaya wanaruhusu kilo mbili kwa msafiri, msizidishe, na mfuniko ukazwe isije ikamwagikia suti ya mtu. Muweke ile nyeusi ya msituni. Ile ya kwanza mama huyu anaila kwa kijiko, na juzi nimeiona chupa dirishani kwake: imebaki vidole viwili.

Mtoto wenu,
Bonn