Bakapu ya Bure na Deni la Ahadi

Hakuna mteja mkali kama yule asiyelipa. Anayelipia huduma anajua alichonunua: ana risiti, ana mkataba, na akitaka kugomba anajua amgombeze nani. Asiyelipa hana hata kimoja, kwa hiyo pengo hilo hulijaza kwa matumaini, na matumaini hayapimwi kwa kilo. Mtu anajiandikisha kwenye huduma ya bure ya kutunza nakala za msimbo wa programu zake, anabofya kitufe kimoja, kisha analala fofofo. Kichwani mwake amepata nakala ya kila kitu, inayochukuliwa kila dakika, itakayodumu hadi vitukuu vyake wastaafu, pamoja na fundi wa kupokea simu saa tisa usiku. Upande wa pili huenda kuna vijana wawili, seva ya kukodi na programu ndogo inayojiendesha yenyewe wao wakiwa kwenye ajira zao za mchana. Hapo hakuna aliyemdanganya mwenzake, na balaa lipo palepale. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwenye huduma ya bure, kabla hajanunua hata diski, ana kazi moja ya lazima: kuyapunguza matumaini ya wateja wake mapema, kwa sauti, mlangoni.

Tuanze na kinachotunzwa, maana kilio huanzia hapo. Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya msimbo alichokiunda Linus Torvalds mwaka 2005, ni karimu: kila anayenakili mradi kwa njia ya kawaida huondoka na historia yake nzima, si faili za leo tu. Kwa hiyo msimbo wenyewe haupotei kirahisi. Kama mradi una wachangiaji kumi, huenda umelala kwenye kompyuta kumi. Kinachopotea ni yale yanayouzunguka: ripoti za hitilafu, mabishano ya miezi sita kuhusu rangi ya kitufe, na maelezo ya kwa nini mstari fulani usiguswe kamwe. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, wenye huduma ya kutunza miradi ya Git, waliyaona haya hadharani. Mhandisi mmoja, usiku, akidhani yuko kwenye seva ya akiba, alifuta hifadhidata ya seva kuu. Kati ya takriban gigabaiti 300 zikabaki 4.5. Hazina za Git, yaani msimbo wenyewe, hazikuguswa. Ila njia tano za kuhifadhi nakala zilipokaguliwa, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisiloelewana na hifadhidata, ikawa inashindwa kimyakimya, na barua pepe za kuonya kwamba imeshindwa zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala aliyoichukua mhandisi yuleyule kwa mkono, saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Wazee walisema akiba haiozi. Hawakuwa na diski.

Jambo la pili la kusemwa mlangoni ni kama huduma inatunza vya zamani au inafuatisha tu vya sasa. Huduma nyingi za bure hufuatisha: chanzo kikibadilika, nakala nayo inabadilika. Ni kioo, na ukishanyolewa kioo hakikutunzii nywele. Jumuiya ya KDE, inayotengeneza programu huria zinazotumika duniani kote, iliponea chupuchupu Machi 2013. Seva kuu ilipata hitilafu, na seva zilizokuwa zikiifuatisha zikatii kwa uaminifu mkubwa: zikafuta hazina kama 1,500. Ilibaki seva moja tu ambayo, kwa bahati, ilikuwa haijafuata mkumbo. Yaani utiifu ndio ulioharibu, na uzembe ndio uliookoa. Mteja asiyeambiwa tofauti hii atafuta mradi wake kwa makosa Jumatatu, na Jumanne atakuja kudai nakala ambayo nayo imeshafutika kwa kumtii yeye.

Wapo watakaosema: masharti yameandikwa, na watu wazima wanajua kusoma. Kweli yameandikwa, katika kurasa nyingi, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi, na kiini chake ni kwamba huduma inatolewa jinsi ilivyo, bila dhamana yoyote. Maandishi hayo yanamlinda mwenye huduma siku ya kushtakiwa. Hayamsaidii mteja siku ya kupanga. Kumwambia mtu kwamba lolote laweza kutokea ni sawa na kutomwambia kitu. Anachohitaji ni mambo yenye namba: nakala huchukuliwa mara ngapi, hukaa siku ngapi, kurejesha huchukua muda gani.

Wengine watauliza unyenyekevu huo una faida gani ikiwa hata huduma za kulipia huanguka. Swali zuri, na jibu lake liko kwa Code Spaces. Kampuni hiyo ilikuwa ikijinadi kwamba mpango wake wa kurejesha data umejaribiwa na unafanya kazi. Juni 2014 mvamizi aliingia kwenye akaunti yake ya seva za Amazon, akafuta data pamoja na nakala nyingi za akiba, na kampuni ikafa ndani ya siku chache. Fedha za wateja hazikuwakinga. Na kadiri mtu alivyoyaamini majigambo yale, ndivyo alivyokosa sababu ya kujiwekea nakala yake. Ahadi ni deni, na hilo lilikopwa na mmoja, likalipwa na wengine. Google, ambao hawana upungufu wa diski, nao walifunga Google Code, huduma yao ya kutunza msimbo. Ila walitangaza Machi 2015, wakazuia mabadiliko Agosti, wakafunga Januari 2016. Miezi kumi inatosha hata kwa mwenye uvivu wa kiwango cha juu.

Pingamizi la mwisho ni la kibiashara: ukweli utafukuza wateja. Lakini hata ghala la msimbo la GitHub, jukwaa jingine la kutunza miradi ya Git, kule Svalbard, lililowekwa ndani ya mgodi wa zamani wa makaa ya mawe na kukusudiwa kudumu miaka 1,000, lilieleza wazi kwamba ni picha ya siku moja, tarehe 2 Februari 2020. Aliyerekebisha kosa lake tarehe 3 amelihifadhi kosa hilo kwa milenia nzima, na hana wa kumlaumu. Kama ghala la namna hiyo linataja mpaka wake, vijana wawili na seva ya kukodi wanaona haya gani? Waandike: “Tunanakili msimbo kila Jumapili; ripoti za hitilafu hatunakili. Ukifuta mradi, tunautunza siku 30. Kurejesha ni siku tatu, na ikiangukia Idi, mpaka pilau iishe. Tukifunga, utajua siku 90 kabla. Hii isiwe nakala yako ya pekee.” Atakayesoma hayo akakimbia amewapunguzia ugomvi. Atakayebaki anajua kwamba Jumatatu hadi Jumamosi mlinzi ni yeye mwenyewe.